Siku Mama Njeri Alipomkana Mwanawe

Kituo cha reli cha Nakuru kilinuka ngozi mbichi, maua makavu ya pareto na moshi wa garimoshi, na harufu hiyo iliingia hadi kwenye mablanketi yetu, kwa maana tulikaa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, karibu kabisa na mabehewa. Baba alikuwa fundi wa reli. Bibi, mamake baba, alilala chumba kimoja nami. Tulijua tu kwamba alitekwa utotoni kando ya Ziwa Nyasa, akapakiwa chomboni akauzwe ng'ambo, na Waingereza wakakikamata chombo hicho baharini na kumwacha misheni, Mombasa. Zaidi ya hapo hakusema, nasi hatukuuliza.

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, asubuhi moja, askari wa serikali ya kikoloni walikuja kuwakusanya majirani zetu Wakikuyu wapelekwe rizavu, maeneo waliyotengewa. Baba Njeri, seremala mpole wa mlango wa pili, aliomba achukue blanketi. Walimpiga marungu mpaka taya likalegea, wakamburura hadi kwenye behewa la ng'ombe huku kichwa kikigonga mataruma. Wengine walirundikwa juu yake kama magunia. Mkewe alifuata amembeba Njeri, rafiki yangu, aliyekuwa hoi kwa homa.

Bibi alikuwa ameganda mlangoni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na behewa lile halikuwa ung'ongo. Mara akapita katikati ya askari, akamshika Njeri. "Huyu mjukuu wangu," alisema. "Mama huyu alinishikia tu."

Askari akamgeukia Mama Njeri. "Mtoto ni wako?"

Mama Njeri alilitazama behewa, kisha akamtazama Bibi. "Simjui," akasema, akamwachilia.

Njeri akamlilia, "Maitu, maitu," yaani mama. Askari alielewa. Alimpiga Bibi kitako cha bunduki mdomoni, meno yakaanguka kokotoni, naye akapiga magoti bila kumwachia mtoto. Akampiga tena begani. Ndipo mkubwa wake akapaza sauti kwamba treni inaondoka, Mama Njeri akasukumwa ndani, na milango ikafungwa.

Alasiri hiyo, akiwa na midomo iliyovimba, Bibi alinieleza habari za chomboni. Walipangwa chini, magoti kifuani, na wagonjwa walitupwa baharini wangali hai. Yeye aliposhikwa na homa, mwanamke asiyemjua alimfunika kwa mwili wake akasema, "Huyu ni wangu." Walimchapa kwa kamba hadi mgongo ukapasuka. Akafa kabla ya kuokolewa. "Hata jina lake sikulijua," Bibi alisema.

Njeri alipona, akakaa kwetu. Emajensi ilipoisha, mama yake alirudi peke yake. Mumewe alikuwa amekata roho ndani ya behewa. Njeri alijificha nyuma ya Bibi. "Ulisema hunijui," alimwambia mama yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi: mama yule aliketi sakafuni mpaka Bibi alipomshika Njeri mkono na kumkalisha kando ya mama yake.

Siku hizi naishi mtaa wa Section 58, hapa hapa Nakuru, na treni ni chache. Juzi mjukuu wangu alikuwa akijiandaa kwa mtihani, akanisomea sababu zilizokomesha biashara ya watumwa: mikataba, manowari, viwanda vya Ulaya. Nikamwambia amejibu vizuri. Kisha nikampigia simu Njeri, ambaye ni nyanya kama mimi, nikamwomba aje Jumapili amsimulie mtoto yale ambayo kitabu hakikuyapa nafasi.