Kanda ya Harusi ya Swaumu

Hozefa wa duka la video, pale Shinyanga mjini, alipenda vitu vipya kupita kiasi. Mimi niliyeshona nguo barazani kwake nilimtania kwamba angeoa kompyuta kama dini ingemruhusu. Alirekodi harusi za mji mzima, kisha akazipamba kwa maua na majina. Kanda mpya zilikuwa adimu, kwa hiyo alikuwa na desturi yake: anaingiza picha kwenye kompyuta, anazipamba, anazirudisha kwenye kanda ileile, juu ya zile za mwanzo, ambazo hufutika. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Mwaka 1999 akanunua kadi mpya ya picha, kile kibao kinachochomekwa ndani ya kompyuta. Magazeti ya kompyuta yaliisifu mno. Wiki hiyo Mama Swaumu akaja kutoka Tinde na kanda ya harusi ya bintiye. Swaumu alifariki Runzewe akijifungua, na ni kwenye kanda hiyo tu mama yake alipoweza kumwona tena akitembea. Ilikuwa imeanza kuota ukungu.

"Niokolee mwanangu, Hozefa."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Mashine hii haikosei."

Akaingiza picha, akatazama mwanzo, akaona safi. Akaanza kuzirudisha kwenye kanda, akaenda kuswali Ijumaa. Aliporudi, bi harusi alionekana akitoka mlangoni tu, kisha kioo kizima kikawa kijani. Kilichobaki ni sauti. Ndani ya kompyuta nako ni kijani kitupu.

Nilimwona mtu mzima akilia. Nikapandwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Akaenda Mwanza kwa rafiki yake Hemal, aliyekuwa na intaneti. Huko akakuta watu wa nchi nyingi wamechachamaa. Watengenezaji wa kadi ile waliwapa waandishi wa magazeti kadi nzuri waisifie, kisha wakauza dhaifu kwenye boksi lilelile. Watu walitukana, wakaapa kutonunua tena. Hozefa naye akaandika yaliyomkuta. Walimjibu kwa upole, karibu wote neno moja: pole, badilisha kadi, halafu ingiza upya kutoka kwenye kanda yako ya mwanzo.

Nilimsindikiza Tinde. Peke yake asingefika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeniletea?"

Akamweleza yote bila kujitetea, hata ile hasira ya watu wa mbali.

"Na wao wamefiwa?" Mama Swaumu akauliza.

"Hapana, mama. Wao wanalilia michezo yao ya kompyuta."

"Iweke," akasema.

Hozefa akaiweka. Bi harusi akatoka mlangoni, kioo kikawa kijani. Vikasikika vigelegele, kisha Swaumu akicheka, akilalamika kwamba kiatu kinambana. Mama yake akakigeuza kiti, akaipa televisheni mgongo, akasikiliza mpaka mwisho.