Tuliomba dawa ya baridi yabisi Garissa, tukaletewa blanketi

Wakuu, asalaam aleikum. Mimi humu ni msomaji wa kimya tu, lakini hili limenikaa kifuani. Sitaongeza chumvi, yaliyotokea yanatosha.

Mkiona nimeruka herufi msinicheke. Sababu nitawaambia.

Hooyo, mama yangu, anauza maziwa ya ngamia hapa Garissa mjini. Vidole vyake vilianza kuvimba. Asubuhi vinakaza, havikunjuki mpaka jua lipande. Kisha akashindwa kufungua kifuniko cha jerikeni.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mikono hiyo ndiyo iliyotulea.

Tulimpeleka Nairobi kwa daktari wa viungo, maana kwetu hayuko. Akasema ni baridi yabisi, ugonjwa wa viungo, na bila dawa viungo vinaharibika, na vikiharibika havirudi.

Hilo neno "havirudi" liliniondolea hamu ya chakula.

Na abti, yaani mjomba wangu wa Ijara, ana dawa yake: chuma cha moto kwenye kila kiungo. "Ugonjwa na moto hawezi kaa nyumba moja," anasema. Si mtu mbaya, anampenda dada yake sana. Ndiyo maana namwogopa.

Kumbe sokoni hatukuwa peke yetu. Wanawake wengi wa maziwa wana mikono hiyo hiyo, wanaificha ndani ya mtandio. Tukaungana, tukaenda public participation ya budget ya county. Tulitaka daktari aje hata mara moja kwa mwezi, dawa ziwe hapa, na utafiti ufanywe ijulikane tuko wangapi.

Wakanisukuma mimi niongee, eti nimesoma.

Wakuu, nikasimama. Ukumbi umejaa wazee, mic mkononi. Nikatoa Kiswahili changu cha mtihani: "Mama zetu wanaumwa na baridi yabisi. Tunaomba msaada." Mengine yote yakayeyuka kichwani, nikakaa.

Afisa mmoja, mgeni huku, akacheka. "Baridi? Garissa hii?" Ukumbi mzima ukacheka naye. Akaandika kitu.

Baada ya muda pickup ya county ikaja sokoni. Blanketi! Kila mama na yake, kwenye joto ambalo hata mbuzi wanagombania kivuli.

Abti aliposikia akasema basi, sirkali imejibu, sasa ni zamu yake. Anauza ng'ombe mnadani halafu anakuja.

Kikao kilichofuata Hooyo akasema anaenda mwenyewe. Nilimsihi asiende. Kiswahili chake ni cha sokoni, na mimi niliogopa kumwona akichekwa kuliko nilivyoogopa kuchekwa mwenyewe.

Akaweka blanketi mbele ya yule afisa.

"Kunja."

Afisa akaikunja, huku akitabasamu.

Hooyo akaikunjua kwa viwiko, akajaribu kuikunja yeye. Ikaanguka. Akaiokota kwa shida, ikaanguka tena. Hakuna aliyecheka.

"Mimi hapana sikia baridi," akasema. "Mimi nasikia moto. Hii fidole nakufa, na nyinyi naleta blanketi."

Afisa akajibu kwa sauti ya chini kwamba ugonjwa huu hauna data kwetu, na pasipo data hakuna budget.

"Basi hesabu," Hooyo akamwambia. "Ansa na mimi."

Akanyoosha mikono. Nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, wanawake wa maziwa wakatoa mikono yao nje ya mitandio. Nililia, sikuona haya.

Ombi letu limeingia kwenye rasimu ya budget. Bunge la county bado halijapitisha. Abti amefika, amekubali kungoja hiyo kura tu, si zaidi. Chuma amekuja nacho, kimeegemezwa nyuma ya mlango wetu. Kila nikipita nakiangalia.

Nilichojifunza: ukienda kumsemea mgonjwa, tumia maneno yake yeye, si ya darasani. Na ikiwezekana mwache aseme mwenyewe.

Karibuni mchangie, hasa mliowahi kuupata huu ugonjwa. Niambieni kwenu ulianza vipi. Naogopa, wakuu.

Maana wiki hizi asubuhi vidole vyangu havikunjuki mpaka jua lipande, na hapa naandika kwa gumba moja. Hooyo sijamwambia. Abti akiingia, naificha mikono ndani ya mtandio.