Mwalimu wa Udereva Arudi Kwenye Breki Yake

Watu wote aliowafundisha gari humwita Mwalimu. Mkewe pia humwita hivyo, ingawa yeye husema ni kwa kejeli. Kwa miaka ishirini kazi yake imekuwa kukaa kiti cha abiria, breki ya ziada miguuni pake, na kuongea kwa sauti ambayo haipandi hata gari likielekea mtaroni. Mwanamke mmoja aliyekuwa amefeli mtihani mara nne kwa walimu wengine alifaulu kwake, akatangaza mtaa mzima kwamba yule mtu angeweza kumfundisha hata mbuzi.

Kilichomponza ni usingizi. Uzito wake ulikuwa umefika mahali ambapo usiku koo lilijibana, pumzi ikakatika, akashtuka, akalala tena, hivyo hivyo mpaka asubuhi, naye bila kujua. Mchana mwili ulijilipa. Siku moja, saa nane, ametoka kula, mwanafunzi wake alisimama kwenye taa nyekundu. Ilipowaka ya kijani akauliza, "Niende, Mwalimu?" Kimya. Alipogeuka alimkuta kidevu kifuani, anakoroma.

Mwenye shule ya udereva si mtu wa kufoka, na siku hiyo pia hakufoka.

"Ungekuwa unasinzia ofisini ningekuletea mto," alimwambia. "Lakini pale umeshika roho ya mtu. Nenda ukatibiwe. Ukipona, kiti chako kipo. Usipopona, utakaa humu ndani na mimi tupokee simu."

Kwa Mwalimu, kupokea simu kulikuwa sawa na kuzikwa hai.

Kupunguza chakula alikuwa amejaribu kwa miaka; kilo ziliondoka, zikarudi zimeleta na wenzao. Daktari alipomshauri upasuaji wa kupunguza tumbo, alikubali, kisha akagundua kwamba kisu ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Ilibidi kwanza alale na mashine ya kumsaidia kupumua, barakoa usoni. Mkewe, ambaye ni mpokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, alisema hakuambiwa kwamba anaolewa na rubani. Ilibidi ajifunze kula upya: kutafuna mpaka chakula kilainike kabisa, kuweka kijiko chini kila mara, kutoteremshia maji. Wiki mbili za mwisho aliishi kwa maziwa ya protini na supu nyepesi, ili ini lisinyae na daktari apate nafasi ya kupitisha vyombo.

Shemeji yake, fundi wa majokofu, alikuja kumtakia heri akamkuta na kikombe chake cha supu.

"Shemeji, nasikia unakwenda kupunguzwa tangi."

"Tangi tu. Injini ni ileile."

"Basi sherehe zetu zimepata nafuu. Wewe tulikuwa tunakupikia kama watu watatu."

"Watatu? Ndiyo maana nilikuwa natoka kwenu na njaa."

Mkewe alipanga mkoba: suruali za kamba kiunoni, mashati ya vifungo, ndala zisizohitaji mtu kuinama, mafuta ya midomo, waya mrefu wa kuchajia simu, na ile mashine. Mwalimu alitoa vyote akavipanga upya. Mkewe alingoja atoke chumbani, akavirudisha alivyoviweka mwanzo.

Upasuaji ulifanyika kwa matundu madogo, nao ulikwenda salama. Alichokuwa anaogopa ni maumivu ya kidonda; yaliyomsumbua zaidi yalikuwa ya bega. Nesi alimweleza kwamba ni hewa waliyojaza tumboni ili waone vizuri, na kwamba dawa yake ni kutembea. Akamshika mkono, wakaanza kuufuata ukuta wa korido.

"Taratibu, baba. Nyoosha mgongo. Angalia mbele, usiangalie miguu."

Mwalimu alicheka, akashika tumbo.

"Nimekosea nini?" nesi aliuliza.

"Hujakosea, mwanangu. Hayo maneno huwa nayauza mimi."

Siku ya kutoka, mkewe ndiye aliyeendesha. Ana leseni miaka mingi, lakini aliwahi kuapa kwamba haendeshi tena gari mumewe akiwa ndani. Mwalimu alikaa kiti cha mbele, mto mdogo kati ya mkanda na tumbo, akaahidi kunyamaza. Akanyamaza kweli. Ila kwenye kona ya kwanza basi lilijitokeza, na mguu wake ukakanyaga sakafu kwa nguvu zote, kutafuta breki ambayo gari la nyumbani halina. Misuli ya tumbo ilikaza, akaguna. Mbele kidogo pikipiki ilikatiza. Akakanyaga tena, safari hii machozi yakamtoka.

Mkewe aliegesha kando ya barabara.

"Hamia nyuma."

"Nimeacha."

"Mwalimu, utajifumua nyuzi kwa ajili ya pikipiki niliyoiona kabla yako. Hamia nyuma."

Alihamia nyuma. Alifika nyumbani amefumba macho, na gari halikuwa na mchubuko.

Wiki zilizofuata alikunywa kwa mafunda madogo, kisha akala vilivyopondwa, kisha vyakula laini. Njaa haikumsumbua kama alivyodhani. Kilichomsumbua ni mikono, ambayo mezani haikuwa na kazi wenzake wakiendelea kula. Akaanza kunyanyuka kabla yao na kuosha vyombo. Usiku sasa alilala kimya hivi kwamba mkewe alimgusa pua.

"Unatafuta nini?"

"Pumzi. Nimezoea kelele."

Daktari alipomruhusu kurudi kazini, mwenye shule alitaka kumwona kwanza barabarani. Akachagua saa nane mchana kwa makusudi, baada ya chakula, jua likiwa kali. Yeye mwenyewe alikaa nyuma. Aliyeshika usukani alikuwa dada muuza maua, mwoga, ambaye kwenye kilima alizima gari mara mbili.

"Klachi polepole," Mwalimu alimwambia. "Hakuna anayetufukuza."

Gari lilipanda. Walipofika tambarare, sauti nzito ikaanza kutoka kiti cha nyuma. Muuza maua alitazama kioo.

"Mwalimu, bosi..."

"Macho mbele. Nimemsikia."

"Tumwamshe?"

"Ya nini? Mzunguko ule pale. Punguza mwendo, lakini usishtue breki. Kuna mtu amelala."

Waliporudi uani mwenye shule alifuta mdomo kwa kiganja, akajinyoosha.

"Umefundisha vizuri," alisema.

"Umeona saa ngapi?"

Mwenye shule alifungua mlango wa gari.

"Mimi silali kwenye gari la mtu nisiyemwamini," alisema. "Njoo Jumatatu."