Dawa Iliyokataa Kutoka

Mtaani walimwita Mama Makochi. Kazi yake ilikuwa kuvisha makochi vitambaa vipya, na aliirithi kwa baba yake pamoja na mdomo usiojua breki. Siku kidole tumbo kilipomshika alikuwa amebana misumari midomoni, akaitema yote sakafuni. Adhuhuri alikuwa hospitali, akachomwa sindano ya usingizi.

Alipozinduka alisikia vyuma vikigongana kwenye beseni, na mtu akisema kidonda kimeshashonwa. Akataka kufumbua macho. Hayakufumbuka. Akataka kukunja kidole cha mkono, nacho hakikusikia. Mpira ulikuwa kooni, mashine ikimsukumia pumzi kwa mwendo wake yenyewe, na yeye yumo ndani, mzima, akili timamu. Akadhani kufa ndiko huku. Kisha mtu akauliza mbona mgonjwa hajaanza kupumua. Hapo hofu ilimbana hata akatamani asisikie.

Mtaalamu wa usingizi, mwanamke wa makamo, aliona mapigo ya moyo yanapanda mbio. Akamwinamia sikioni.

"Dada, nadhani unanisikia. Hujafa. Dawa ya kulegeza misuli imekawia kutoka. Mashine inakupumulia, na mimi sitoki hapa. Nakulaza tena."

Aliamka saa tano baadaye, anapumua mwenyewe, akaelezwa. Kwa watu wengi dawa ile huisha kwa dakika chache, maana damuni mna kimeng'enya kinachoikata vipande. Mwili una maelfu ya vimeng'enya, kila kimoja na kazi yake. Kinachovunja wanga hakigusi nyama. Kinashika, kinakata, kinaachia, kinashika kingine, na chenyewe hakichakai. Bila hivyo kazi nyingi za mwili zingekwenda polepole mno, na hakuna kiumbe, mtu wala jani, ambaye angeishi kuzingoja. Yeye alizaliwa na kimoja kibovu, na kama si dawa ile asingejua maisha yake yote.

"Kasoro hii hutembea kwenye damu ya ukoo," mtaalamu alisema. "Una ndugu?"

Hofu ikaanza upya. Mdogo wake, kinyozi, alikuwa apasuliwe ngiri Alhamisi ya wiki ileile. Akampigia simu, sauti ingali imekwaruzwa na mpira. Kinyozi akacheka, akasema dada yake ameota tu. Yeye hakucheka. Akamsimulia taratibu jinsi alivyolala pale akisikia watu wanashangaa kwa nini hapumui.

Kinyozi akaacha kucheka. "Sasa niwaambie nini, dada?"

"Wakupime damu kwanza. Waambie dada yako alikuwa macho."

Alipimwa, kumbe naye ndivyo alivyo. Wakatumia dawa nyingine, akaamka kwa wakati wake, akilalamika kiu.

Siku hizi wote wawili hutembea na kadi iliyoandikwa jina la dawa ile. Na akisikia kuna mtu wa ukoo anapasuliwa, Mama Makochi hufunga karakana, akaenda kukaa mlangoni pa chumba cha upasuaji mpaka atoke muuguzi aseme mgonjwa ameongea.