Bibi Aliyegeuka Waridi Madhabahuni

Nimekasirika tangu siku ya kumbukumbu ya Bibi, na kwa kuwa nyumbani hasira yangu haitakiwi mezani, nitaiandika.

Mkaza mjomba wangu anaitwa Quyên. Ameolewa na mtoto wa kiume wa kwanza wa Babu, na hapa mjini kwetu Huế hiyo maana yake ni kwamba madhabahu ya wahenga ni yake: ndiye anayefuta vumbi, anayebadilisha maua, anayewasha udi. Sisi watoto humwita Mama Quyên. Alikulia kwa baba mchora feni, upande wa pili wa mto. Siku anaolewa alikuja na sanduku la nguo na kopo la brashi, na mpaka leo huchora kwa rangi za maji juu ya hariri: maharusi, mayungiyungi, na marehemu wa watu.

Nikitoka shule hukaa naye, namuuliza maswali mpaka achoke. Kwa nini bluu hii inaacha punje na ile haiachi? Akaniambia bluu nzito ni kama mchanga wa mto: ukiilowesha inatembea, maji yakitulia inazama kwenye vishimo vya hariri na kulala humo. Ukiiosha, inaamka. Bluu kali haina adabu. Ikigusa hariri imeshang'ata, hata uoshe mpaka kesho. Na zambarau je? Akacheka. Zambarau ya dukani, alisema, ni mgeni mwenye maneno matamu: leo inang'aa, jua likiipiga inaondoka bila kuaga. Kwa hiyo huichanganya mwenyewe, bluu nzito na waridi. Hizo nazo hazipendani sana. Maji yakizidi, bluu inazama, waridi inakimbilia ukingoni, na zambarau yako inaachana mbele ya macho yako. Lazima upake safu nyembamba, uoshe hariri, usubiri, upake nyingine.

Hivyo ndivyo alivyomchora Bibi. Bibi alivaa zambarau maisha yake yote, kama wanawake wengi wa mji huu, na Babu alitaka akae hivyo madhabahuni. Hariri aliiandaa Babu mwenyewe, maana kuwamba hariri ndiyo kazi yake tangu ujana. Huwa anaipaka gundi iliyochanganywa na shabu, ile chumvi nyeupe yenye uchachu wa kukaza ulimi, ili rangi isitambae ovyo, na safari hii, kwa kuwa ilikuwa ya mkewe, shabu aliitia kwa mkono wa mapenzi. Akaigonga hariri kwa kidole, ikalia kama ngoma. Mama Quyên akalamba pembe yake, maana ndivyo wanavyopima, uso ukamkunjamana.

"Baba, naona shabu imezidi. Bluu nzito haitaki uchachu, huiua."

"Mkwe wangu, nimeanza kuwamba hariri kabla hujazaliwa," Babu akasema, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu.

Picha ilitoka nzuri mpaka Babu akageukia dirishani, akajifanya anatazama mvua. Kisha masika ya kwetu yakaanza kweli, unyevu ukaingia kila mahali, hata kwenye mchele, na bluu ikaanza kufa. Kwanza mabegani, baadaye mikononi. Waridi haikuguswa. Siku ya kumbukumbu ilipofika, Bibi yangu alikuwa amekaa madhabahuni kavaa waridi tupu, kama bibi harusi.

Mama mkubwa Thìn, dada yake mjomba, hakungoja hata udi uishe. "Wifi, mama yetu alikukosea nini mpaka umvishe nguo ya kwendea dansi?"

Mama mdogo Lài akadakia kwamba wachora marehemu siku hizi hununua rangi za watoto wa chekechea. Wakacheka. Wakaendelea: picha ichomwe pamoja na pesa za karatasi wanazochomewa wahenga, iwekwe picha kubwa ya studio, na kuanzia leo madhabahu yashikwe na Mama mkubwa, maana mkono wa wifi una mkosi. Kwetu, mke aliyevuliwa madhabahu amebaki mpishi tu, na kila mtu mezani pale alilijua hilo. Mjomba Tấn, mume wa Mama Quyên, alikuwa anachambua miiba ya samaki kana kwamba kaajiriwa kwa kazi hiyo.

Na Mama Quyên? Akawaongezea supu. Nilipofungua mdomo, akanifinya paja chini ya meza mpaka machozi yakanilengalenga. Nilimwelewa. Asingeweza kumvunjia baba mkwe heshima mbele ya wageni, tena siku ya marehemu mkewe. Lakini naomba mtu anieleze: ni heshima gani hiyo inayolindwa na mtu mmoja tu, halafu huyo huyo ndiye anayetukanwa?

Mama mkubwa akapanda kiti, akaishusha picha.

"Kabla hujaichoma," nikasema, "ilambe pembeni."

Mama mdogo Lài akasema shule imeniharibu, sasa nataka watu wamlambe bibi yangu. Mama yangu mzazi akaniambia niondoke mezani. Nilikuwa nimeshainuka Babu aliponyoosha mkono. Aliichukua picha, akaigeuza, akalamba pembe isiyo na rangi. Uso ukamkunjamana kama wa Mama Quyên siku ile, ukabaki hivyo.

"Shabu ni yangu," akasema. "Aliniambia, nikamnyamazisha."

Akapanda kiti mwenyewe, magoti yakimlia, akamrudisha Bibi mahali pake na waridi yake. Akasema atakaa vivyo hivyo mpaka apate nguo nyingine, na anayemwonea aibu asimwinamie. Kisha akampa Mama Quyên kiberiti awashe udi.

Mnadhani kuna aliyemwomba radhi? Mama mkubwa Thìn aliuliza kama ndimu bado zipo. Mama mdogo Lài akasema kwa kweli waridi inamkaa Bibi vizuri. Mjomba akamaliza samaki wake. Na walipoondoka wote, Mama Quyên akanigombeza mimi, eti ulimi wangu ni bluu kali.

Juzi Babu aliwamba hariri mpya. Hakuigonga. Aliibeba mpaka chumbani kwa Mama Quyên, akamnyooshea pembe. Mama Quyên akailamba, akafikiri kidogo, akatikisa kichwa.

"Bado, Baba."

Babu akarudi nayo uani kuiosha.