Siku Bi Zafarani Alipotiliwa Kahawa

Enzi zetu Maskati, sisi watoto tuliotoka Unguja na mama zetu mwaka ule wa sitini na nne, hatukuamshwa na simu. Tuliamshwa na Bi Zafarani akisukuma mlango kwa teke dogo, mtungi kichwani, maji ya kisima cha nje ya ukuta wa mji yakimchuruzika shingoni. Mpaka leo nikinusa udongo uliorowa, nnamwona yeye.

Mama yake aliletwa kutoka pwani ya Afrika, wala hakuulizwa kama anataka. Yeye alizaliwa hapa hapa, akatumika nyumba za watu mpaka nywele zikawa pamba. Ndiye wa kwanza mtaani kututamkia Kiswahili. Ndiye aliyetufundisha kulala juu ya paa na kujifunika shuka mbichi wakati wa joto.

Mama alikuwa mgeni, hana ndugu mji ule, na akitamani sana majirani wamkubali. Asubuhi moja wakaja, mabibi wanne wananukia udi. Finjani yetu ilikuwa moja tu. Na ada ya huku, anayekunywa hutiliwa na kutiliwa mpaka aitikise finjani, ndipo apewe mwenzake. Mara Bi Zafarani akaingia na maji. Mama, kwa ada ya kwao ya kumwanza mkubwa, akamshika mkono, akamkalisha mkekani, akamtilia yeye kwanza.

Mimi na dada yangu tukaacha mdako, kokoto mkononi. Bi Zafarani akanywa, akainyoosha finjani bila kuitikisa. Mama akatia. Ya tatu, ya nne, ya tano. Iliki inanukia, jua linatambaa mkekani, mabibi wanangoja. Ada aliijua kuliko sote, maana ndiye aliyekuwa akiwatilia hao hao kwenye harusi zao.

Mwisho akaitikisa. "Nimetia kahawa umri wangu mzima, mwanangu," akamwambia mama. "Leo nimetiliwa. Mama yangu angeliiona siku hii, angeliniita kwa jina langu."

Mabibi wawili wakaondoka bila ya kunywa. Wawili wakabaki, wakanywea finjani ile ile. Mama aliumia, nilimwona akikunja mkeka huku anafuta macho. "Atakayetaka kurudi, mlango anaujua," akasema.

Siku hizi tunakaa Mabela, mitaa mipya ya Maskati. Wajukuu wangu wananunua kahawa ya povu kwenye magilasi ya karatasi makubwa kama ndoo, wakanywa garini, kila mtu na yake. Hakuna anayemngoja mwenzake. Juzi niliwasimulia habari hii, na mmoja, msichana, akaiweka simu chini, jambo ambalo sijaliona tangu Idi.

"Bibi, jina lake lenyewe lilikuwa nani?"

Zafarani ni jina alilopewa na wenye nyumba. Hilo jengine alitwambia analo, mbele yetu sote, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza. Mimi nilikuwa karibu yake kuliko wote, na nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye mdako wangu.