Diski Niliyompa Kijana wa Chuo

Ndugu wasomaji, kosa ni langu. Baba mdogo hakumpa mtu kitu. Nilitoa mimi, nikanyamaza, akabeba yeye.

Nipo kidato cha tatu, nyumbani ni Mlabani. Mimi si msemaji, hata shikamoo huwa inaishia mdomoni. Baba mdogo hakujali. Jioni alinichukua ofisini kwao, wanakoweka hesabu za mpunga, akanifundisha kompyuta. Kulikuwa na programu inaitwa sheli: unaandika amri, yenyewe inaifikisha kwa mashine.

Kuitumia tu haikuwa ghali. Ghali ni maandishi yake ya ndani, yale aliyoyaandika mtengenezaji, ambayo ukiwa nayo unaweza kuibadilisha. Ofisi ilijibana ikayanunua ili baba mdogo airekebishe kwa kazi yao. Leseni alisaini yeye, kwamba hatampa wala kumwonyesha mtu wa nje.

"Tumenunua ruhusa ya kusoma tu," aliniambia. "Mali bado ni yao."

Nilisikia, sikuelewa.

Likizo akaja kijana wa chuo kufanya mazoezi ya kazi pale ofisini. Siku baba mdogo ameenda Mngeta, kijana akanikuta kwenye kompyuta ya ofisi, akaniomba nimnakilie yale maandishi. Nikamwambia yana leseni. Akacheka.

"Kwani notsi za darasani huwa unawanyima wenzako?"

Shuleni kwetu vitabu havitoshi, tunaishi kwa kunakili. Anayeficha daftari ataitwa mchoyo mpaka amalize shule. Nikaona maandishi ni maandishi. Na niseme ukweli, nilifurahi mtu kuniomba kitu. Nikamwekea kwenye diski.

Hakuwa mtu mbaya. Huko chuoni aliona kasoro ndani ya yale maandishi, akawaandikia wenye programu ili kuwasaidia! Nao wakaiuliza ofisi: huyu ameyatoa wapi?

Baba mdogo akaitwa na mkubwa wake. Nasikia alijibu neno moja tu, kwamba sahihi ni yake. Mkataba wake haukuongezwa.

Siku hiyo alirudi nyumbani, akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Ningeweza kusema na lile lingine. Sikusema.

Sasa analima mpunga Lupiro. Juzi kimefika kifurushi posta, kina jina lake. Nikavuka mto kwa pantoni kumpelekea. Nilimkuta shambani, matope magotini. Akafungua: diski. Ilikuwa sheli nyingine, aliiagiza zamani akiwa bado kazini. Hii wenyewe wameitoa bure pamoja na maandishi yake ya ndani, wanaruhusu unakili na umgawie yeyote.

Lupiro hana kompyuta. Akaifuta kwa shati, akanirudishia.

"Hii ndiyo ungempa, mwanangu."

Kumbe alijua siku zote! Nililia palepale majarubani, yeye akaendelea kupandikiza.

Wenzangu, kabla hujatoa kitu, uliza nani amekiwekea sahihi. Na ukishakosea, usivizie siku nzuri ya kusema. Sema wakati bado anakuuliza kama umekula.